Ubatizo wa Kwenye Linki

Siku niliyoagwa usharikani, wainjilisti wanaoanza kazi waliniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Nadhani walitegemea mawaidha. Mawaidha mtayapata kwenye semina, pamoja na chai na maandazi. Mimi nitaandika zaidi yale yaliyonichanganya, maana yaliyo wazi mtayaona wenyewe.

Nilianza kazi juu mlimani, upande wa Meru, kule ambako migomba na kahawa vinapanda mpaka karibu na msitu. Mtaa wangu, yaani tawi dogo la usharika, ulikuwa na kanisa la mbao, na kengele yetu ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mti. Siku ya kwanza nilifika na matope hadi magotini. Mzee mmoja alinikaribisha vizuri sana, akanipa maji ya kunawa, akaniuliza mwinjilisti atafika saa ngapi. Nikamwambia amefika. Akatazama nyuma yangu. Wanawake katika kazi hii tulikuwa wachache, na kwa miezi kadhaa watu waliendelea kutazama nyuma yangu.

Aliyenifundisha ni Mwinjilisti Ndewario, ambaye alikuwa karibu kustaafu. Hakuwa msemaji. Alinifundisha kuwafikia wagonjwa kabla ya ibada, siyo baada yake, kwa sababu baada ya ibada kila mtu ana neno na mwinjilisti na mgonjwa anasubiri hadi jioni. Alinifundisha kubeba Biblia ndani ya nailoni wakati wa masika. Na alinipa chupa ndogo ya maji safi, akasema isitoke kwenye mkoba wangu kamwe. Mlimani maji yako kila mahali, lakini siku ya kumbatiza mtoto mahututi utakuta ndoo iliyopo ni ya ng'ombe.

"Maji na maneno viende pamoja," aliniambia. "Anayemwaga ndiye anayesema. Usimwachie mtu mmoja maji na mwingine maneno."

Nilimuuliza kwa nini. Akasema na yeye aliambiwa hivyo.

Haukupita muda nikaihitaji ile chupa. Masika yalikuwa yamekata njia ya kwenda zahanati, na mama mmoja kijana alijifungua nyumbani mtoto ambaye hakulia. Alikuwa anapumua kwa shida, kama mtu anayepanda mlima. Nilimbatiza mikononi mwa bibi yake. Jua lilipozama alikuwa ameshatutoka, tukamzika kesho yake kwenye kihamba chao, shamba la migomba la ukoo. Yule mama hakuniuliza habari za mbinguni, ambazo nilikuwa nimejiandaa kuzisema. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulimtaja jina lake lote?" Nikamwambia nililitaja lote. Akaitika kwa kichwa, akalala. Tangu siku hiyo nilijua kwamba kwa mama maneno yale siyo mapambo, na sikuyasema tena harakaharaka.

Baada ya miaka mingi mlimani nilihamishiwa mjini Arusha, usharika ulioko kati ya Ngarenaro na Daraja Mbili. Mlimani nilishindana na mvua juu ya bati. Mjini nilishindana na mafundi wa kuchomelea mageti, ambao kwao Jumapili ni siku nzuri ya kumalizia kazi za watu. Nilijifunza kushika maiki. Nilijifunza pia kwamba maiki ikikwaruza, washarika wote wanamtazama mwinjilisti kana kwamba ndiye aliyeitengeneza.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Vijana wengine mnadhani ibada za mtandaoni zilianza kwa sababu makanisa yetu yalifungwa. Hayakufungwa. Sisi tulinawa mikono mlangoni, tukakaa kwa kuachiana nafasi, ibada zikafupishwa, tukaendelea. Yaliyofungwa yalikuwa ya huko waliko watoto wetu. Mama Massawe, mfanyabiashara wa vitambaa anayekaa Njiro, alikuja ofisini kuzungumza na Mchungaji. Binti yake Aikande, ambaye tulimpa kipaimara hapahapa, alikuwa anaishi Ujerumani na mumewe. Kanisa wanakosali lilikuwa limefungwa, na yeye alikuwa anashinda ndani. Mama akauliza kama ibada yetu haiwezi kumfuata huko.

Rehema, katibu wa usharika, alisema inawezekana. Aliweka laptopu juu ya meza ndogo mbele ya madhabahu, akatuma linki kwa wenye watoto nje. Mchungaji alikuwa na mitaa mingine ya kuhudumia, kwa hiyo Jumapili nyingi hakuwepo. Aliniambia watu wa linki watakuwa wangu. Nilimuuliza kuwa wangu maana yake nini hasa. Akasema tutajua mbele ya safari.

Jumapili ya kwanza sikuelewa chochote. Kila aliyeingia alimwamkia kila mkubwa aliyemwona, kwa hiyo ungamo la dhambi lilikatizwa na shikamoo na marahaba kutoka nchi tano. Nilipoanzisha wimbo, wote waliimba, lakini kila mmoja alisikika kwa wakati wake, na wimbo ukawa kama watu wanaoshuka ngazi gizani. Nikaomba sala ndefu kwa hisia. Nilipofumbua macho, wote kwenye kioo walikuwa wanagusa masikio yao. Rehema alikuwa amenizima sauti ili kupunguza mwangwi, akasahau kuniwasha. Sala ile niliirudia, ila kwa ufupi, na sikuona aliyelalamika.

Maswali yalikuwa mengi kuliko mlimani. Nikisema "simameni", na wao wasimame? Waliosimama tuliwaona matumbo tu. Nikitoa baraka huku mtu ameganda mdomo wazi, amebarikiwa au amepitwa? Nilimuuliza Mchungaji. Akasema Mungu hana shida ya bando. Lilikuwa jibu zuri, na lilinituliza hadi Jumapili ambayo halikunitosha.

Makanisa ya huko yalipofunguliwa, watu wa linki hawakuondoka. Walikuwa wamezoea kuwaona wazazi wao wakikaa mabenchi yaleyale. Wazee wagonjwa wa hapa nao waliingia kwa simu za wajukuu. Aikande aliingia kila Jumapili, na baadaye tukamwona tumbo limekua, na akina mama wakawa wanamuuliza mbele ya wote kama anakula vizuri. Kisha Jumapili kadhaa hakuingia. Mama Massawe alitueleza kwamba amejifungua kabla ya wakati, mtoto ni njiti, yuko kwenye kisanduku cha kioo chenye joto. Tukawa tunamwombea.

Jumapili moja nilikuwa nimeshatoa baraka. Kanisani watu walikuwa wanatoka, na waliokuwa kwenye linki walikuwa wanaagana, jambo ambalo huchukua muda kama ibada nyingine. Hapo Aikande akatokea. Kioo kilimwonyesha amevaa gauni la hospitali na barakoa ameishusha kidevuni. Nyuma yake kulikuwa na mashine. Aliita jina langu la kazi mara moja, na wote wakanyamaza bila kuzimwa.

"Mwinjilisti, wanampeleka kupasuliwa sasa hivi. Nataka abatizwe kwanza."

Nilimuuliza kama hospitali haina mchungaji. Alisema ameitwa lakini hajafika, na wauguzi wamesema hawawezi kusubiri. Mumewe alikuwa kwenye korido, kwa kuwa wodi ile ilimruhusu mzazi mmoja tu kwa wakati. Mchungaji wetu alikuwa madhabahuni kwenye mtaa mwingine na simu yake imezimwa. Kwa hiyo mtu pekee aliyebaki nilikuwa mimi, mbele ya laptopu, na mikono yangu haikuwa na mtoto wala maji.

Nilijua vizuri kwamba katika dharura Mkristo yeyote anaweza kubatiza. Nilishafundisha hivyo. Lakini sikumwambia, "Mbatize wewe." Alikuwa ananitazama kama mtu aliyefika mlangoni kwangu, na mdomo wangu ukasema ndiyo kabla sijapanga itakuwaje. Nikamwambia aombe maji. Muuguzi alileta maji safi kwenye kikombe kidogo cha dawa, akamshikia simu. Aikande akaingiza mkono kwenye tundu la kile kisanduku. Mtoto tulimwona kidogo tu. Alikuwa na mirija, na kofia ya sufu iliyomzidi kichwa.

Nikamwambia mimi nitasema, yeye adondoshe maji kila nitakapotaja jina. Nilipokuwa nasema hivyo nilimkumbuka Mwinjilisti Ndewario, ambaye hakuwahi hata kumiliki simu, na nikajua ninafanya kile hasa alichonikataza. Nikauliza jina la mtoto.

"Eliana."

"Eliana," nikasema, "nakubatiza kwa jina la Baba." Tone likaanguka. "Na la Mwana." Tone jingine. Kisha picha ikaganda. Kidole cha Aikande kilisimama hewani juu ya ile kofia, na tone likiwa halijaanguka. Sikujua kama imeganda kwetu au kwao, wala kama ananisikia bila mimi kumwona. Nikasema, "Na la Roho Mtakatifu. Amina," nikiiambia picha. Hakuna aliyeitikia kutoka kwao. Kisha kile kidirisha chake kikapotea.

Nikamgeukia Rehema. Alikuwa amesimama nyuma yangu na mikono kichwani. Nikauliza kwenye linki nani amesikia. Mama Massawe, akiwa sebuleni kwake Njiro, alisema amesikia yote hadi Amina na akaanza kulia. Mzee Kaaya, mgonjwa aliyekuwa akisali nasi kutoka mlimani, alisema kwake yaliishia kwenye Baba. Kijana mmoja wa usharika anayeishi Amerika alisema amemsikia Roho Mtakatifu mara mbili. Nilikaa chini. Maneno yangu yalikuwa yamefika Amerika mara mbili, na sikujua kama yamefika mara moja palipokuwa na mtoto.

Jioni Mama Massawe alipiga simu. Upasuaji umeisha, mtoto anapumua. Nilimshukuru Mungu kwa moyo wote. Kisha nikaanza kuhangaika. Nilikuwa nimemwambia mama ndiyo, na sasa sikujua ndiyo ile ilikuwa ya nini.

Kesho yake nilimweleza Mchungaji. Alinisikiliza hadi mwisho, hakuniambia habari za bando. Alisema mtoto aliyebatizwa habatizwi mara ya pili, kwa sababu ukirudia umeudharau ubatizo wa kwanza. Lakini ikiwa wa kwanza haukukamilika, na sisi tukakaa kimya, tumemwacha mtoto mlangoni. Akasema apewe muda wa kufikiri. Jambo likapelekwa kwa wazee wa kanisa. Mmoja aliuliza kama Roho Mtakatifu anahitaji mtandao. Mwingine akajibu kwamba hilo siyo swali, swali ni kama neno linalosemwa Arusha linaweza kuambatana na maji yanayomwagwa Ujerumani. Wa tatu akauliza nani alilipia maji yale, na hakuna aliyejua alimaanisha nini. Kikao kikafungwa kwa sala, kama vikao vyote ambavyo havikuamua.

Mtaniuliza kwa nini sikumuuliza Aikande mwenyewe. Nilimuuliza. Nilimwandikia ujumbe mfupi nikisema, "Mwanangu, siku ile maneno yangu yalifika yote?" Akajibu, "Amina," na picha ya mikono iliyokutanishwa. Niliusoma ujumbe ule hadi nikauchoka. Inaweza kuwa alimaanisha yamefika. Inaweza pia kuwa alimaanisha asante kwa kunijali. Mtoto alikuwa bado hospitalini, akipimwa kila siku, na sikuona namna ya kumwambia mama wa mtoto kama huyo kwamba huenda ubatizo wake una tobo. Mchungaji naye alimpigia mumewe. Mumewe akasema yeye alikuwa korido. Aikande alirudi kwenye linki baadaye, akawa anaingia na kamera imezimwa, anaondoka mara tu baada ya baraka. Nilidhani amechoka na kulea.

Nikastaafu hali ikiwa hivyo. Walinipa kitenge, blanketi na hotuba. Nilirudi kwangu mlimani, nikawa naingia kwenye linki kama mgonjwa, nikigundua kwamba kutoka upande ule mwinjilisti anaonekana mdogo sana.

Mwaka huu Aikande alikuja nyumbani na mumewe na mtoto. Mama Massawe alitaka Eliana apokelewe kanisani, na Mchungaji alikuwa amekwama hadi siku za mwisho, kwa sababu hakujua kama aandae kuthibitisha ubatizo au kubatiza. Aliniomba niende Njiro kumuona mama wa mtoto, mimi niliyekuwepo. Nilikwenda siku ya Ijumaa. Mtoto alikuwa anatembea. Alinipa mkono, akaamkia "Kamoo," akaendelea na shughuli ya kutoa vijiko vyote kwenye droo. Chini ya fulana yake kovu lilionekana likipanda hadi karibu na shingo.

Tulikunywa chai. Mama Massawe aliongea habari za bei ya vitambaa, kisha akatazama nyuso zetu, akasema anakwenda kumwangalia mtu getini. Mtu hakuwepo. Tukabaki mimi na Aikande, na tukaanza kusema kwa pamoja. Nikamwacha atangulie.

Aikande alisema kuna jambo amelificha. Siku ile alinisikia hadi "na la Mwana". Baada ya hapo simu ilinyamaza, na mimi nilikuwa nimeganda mdomo wazi. Muuguzi aliitikisa simu. Watu wa upasuaji walikuwa tayari wameshika kisanduku.

"Nikaona nisipomalizia mimi, hakuna wa kumalizia," alisema. "Nikadondosha maji, nikasema na la Roho Mtakatifu. Halafu nikaogopa kwamba nimechanganya, nusu ya Mwinjilisti na nusu yangu. Nikarudia yote, na jina lake, tangu mwanzo, huku tunatembea nao kwenda mlangoni. Nilimmwagia maji yote yaliyobaki. Kofia ikalowa, wakanigombeza."

Aliinamisha kichwa. Alisema hakutaka kuniambia kwa sababu hakuwa na ruhusa. Alikuwa mzazi wa juzi tu, bado hajatoka ndani wala kushukuru kanisani kama akina mama wanavyofanya, na alikuwa ameshika maneno yasiyo yake. Nilipomuuliza kama yalifika yote, alidhani nimejua na ninamchunguza. Akajibu lile jibu ambalo mtu hawezi kukosea. Miaka yote hiyo alikuwa anasubiri mtu amwambie kwamba ubatizo ule haukuwa kitu.

Sikujua nicheke au nilie, na nadhani nilifanya vyote. Nilimweleza ujumbe wake ulivyonikosesha usingizi. Nilimweleza habari za kikao cha wazee, na yule aliyeuliza nani alilipia maji, akacheka hadi akashika meza. Kisha nikamwambia lile nililopaswa kumwambia siku ileile, kabla ya kumwomba muuguzi kikombe: kwamba maneno yale yalikuwa yake tangu mwanzo, na hakuhitaji ruhusa yangu. Aliuliza, "Kwa hiyo ni sahihi?" Nikamwambia ni sahihi. Akauliza tena, nikamwambia tena. Mama Massawe akarudi kutoka getini ambako hakukuwa na mtu, akamkuta mwanawe amelala kifuani kwangu, na vijiko vimejaa sakafuni.

Nilimpigia Mchungaji kutoka palepale. Akasema, "Basi hakuna cha kubatiza."

Jumapili nilikaa kwenye benchi la tatu. Katika utaratibu wetu, mtoto aliyebatizwa kwa dharura akiletwa kanisani, Mchungaji huuliza maswali mbele ya wote, ili kila mtu ajue kilichofanyika. Aliuliza jina la mtoto. Aliuliza alibatizwa kwa kitu gani. Akajibiwa kwa maji. Kisha akauliza ni nani aliyembatiza. Washarika wengi wakanigeukia, kwa sababu hadithi waliyoijua ilikuwa ile ya linki. Nikabaki nimekaa, nikamtazama Aikande.

"Mimi," akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Rehema akainua mkono kutoka kwenye laptopu. Alisema watu wa linki wanaandika kwamba hawakusikia, wanaomba arudie. Mchungaji akamsogezea maiki. Aikande akamhamishia mtoto mkono wa pili, akasogea.

"Mimi, mama yake. Nilimbatiza mimi."